Ramadhani na Watoto Wadogo: Mwongozo kwa Wenye Moyo

Mwongozo huu umekusudiwa nyumba yenye watoto ambao saumu bado haijawawajibikia. Kama wako wamekwisha baleghe na mazungumzo yenu yote sasa ni hela ya nguo za Idi, ruka, nenda kamalizie juzuu yako. Kama huna mtoto kabisa, soma kwa adabu na usicheke sana. Dua ya aliyefunga hairudi, na kina mama wa nyumba hizi wamefunga.

Masheikh hutusihi tujiandae tangu Rajabu: tulete toba, tuuzoeshe mwili kwa funga za sunna za Shaabani, tulipe siku tulizokula mwaka uliopita. Ushauri mzuri sana. Wewe utaanza mwezi ishirini na saba Shaabani, saa tatu usiku, watoto wamelala, ukiwa na siku sita za kulipa na siku mbili za kuzilipia. Na usijidanganye kwamba mwakani utajipanga vizuri zaidi. Mwezi huu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladi, na mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Tunza nguvu.

Anza na ratiba. Msahafu tuliouzoea una kurasa 604 katika juzuu 30. Ukisoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi, kila siku unamaliza juzuu, na mwezi ukiisha umehitimu. Hesabu haina kasoro. Aliyeipiga hakuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama akikaa chini tu hujua ni wakati wa kunyonya, na mama akifungua msahafu hujua ni wakati wa kujaribu meno mapya. Hata hivyo ratiba iandike, kwa kalamu za rangi, uibandike kwenye mlango wa friji. Wageni wataisoma na watakuheshimu. Wewe mwenyewe utakutana nayo tena siku unatafuta pa kubandika risiti ya umeme.

Kisha mapambo. Hili ni somo jipya. Bibi zetu waliipokea Ramadhani kwa kupiga deki, kufua mapazia na kushusha masufuria makubwa kutoka juu ya kabati, basi. Siku hizi kuna Instagram, na humo kuna kina mama wa Dubai na Birmingham wenye sebule nyeupe pepepe, watoto wao wamekaa kimya wanakata nyota za karatasi ya dhahabu. Usiulize mtoto anakaaje kimya na mkasi mkononi. Wewe tengeneza kile kinachosifiwa kuliko vyote: kamba yenye vimfuko 30, kila kimoja na pipi yake na kijikaratasi cha tendo jema la siku hiyo, kwa mfano kumpelekea bibi maji ya udhu, au kumwachia mdogo wake mdoli bila kumng'oa mdoli mkono kwanza. Asubuhi ya pili vimfuko vyote vitakuwa vitupu, na matendo mema ya mwezi mzima yatakuwa sakafuni, yamekanyagwa. Zile nyota nazo, ukizigeuza upande wa pili, utakuta ni daftari la Hisabati la kaka mtu.

Vunja jungu haihitaji mwongozo. Hilo kila mtu huliweza. Familia hupakiana na masufuria ya pilau kwenda ufukweni au shamba, kina baba wakaenda kupunga upepo na kina mama wakaenda kupika lile lile walilokuwa wapike nyumbani, ila sasa kwa kuni mbichi. Angalizo moja tu: mtoto wa miaka minne aliyeambiwa wiki nzima kwamba "Ramadhani inakuja", kisha akapelekwa baharini kula pilau na kuku, atahitimisha kwamba Ramadhani ndiyo hii. Kesho yake, saa tatu asubuhi, utakuwa na kazi ya kumweleza kilichotokea.

Lakini kesho yake ni lini? Hapo pana shughuli. Usiku wa mwezi 29 Shaabani sote hapa Unguja tunasubiri taarifa ya Mufti, na wakati tunaisubiri, wale wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani wamekwisha kutia nia. Familia moja yenye heshima zake inaweza kuwa na saumu mbili: shangazi wa Michenzani kafunga tangu jana, babu wa Jang'ombe bado anakunywa chai ya maziwa barazani kwa raha zake. Mtoto atakuuliza, "Mama, kwani mwezi uko mingapi?" Mjibu kwamba mwezi ni mmoja. Hilo ni kweli na halina mgogoro kwa sheikh yeyote. Baada ya hapo badilisha mazungumzo. Usianze kumweleza habari za matlai na tofauti za miji, maana mtoto wa miaka sita ndiye mtu pekee katika ukoo mzima mwenye msimamo thabiti juu ya suala hili: anafunga na wa mwisho, anakula Idi na wa kwanza.

Sasa sokoni, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwezi wa kujizuia na chakula huanza kwa watu kupigana vikumbo wakitafuta chakula. Sukari, tambi, unga wa ngano, mchele, tende. Nazi, kwa bei ambayo ukiitaja mbele ya bibi atakutaka urudie. Muhogo, magimbi, viazi vikuu, ndizi mbivu, kunde, mbaazi. Nyama ya kusaga ya sambusa na manda zake. Pilipili manga ya uji. Ukwaju. Nenda Darajani au Mwanakwerekwe asubuhi, na watoto waache kwa mtu unayemwamini. Ukilazimika kwenda nao, mmoja atakaa juu ya gunia la mchele wa watu na mwingine atamwambia muuza tende, kwa sauti ya kusikika, "Mama kasema zako zina wadudu."

Ushauri wa kisasa unasema uandae vitafunio mapema na kuvigandisha, ili ndani ya mwezi ubaki na ibada tu. Funga sambusa mia, tengeneza kachori na katlesi, panga kwenye makontena, tia kwenye friza. Washirikishe watoto, wanasema wataalamu. Watajisikia wana sehemu katika mwezi mtukufu. Ni kweli. Mpe wa miaka saba manda na gundi ya unga wa ngano, akufungie. Sambusa yake itakuwa na pembe tano na itafumuka ndani ya mafuta, lakini jioni atakuwa amekaa kwenye mkeka anaitafuta ile yake sahani nzima, kila sambusa akiigusa. Kuhusu friza, umeme ukikatika usiku kucha, kama unavyokatika, utajikuta unakaanga sambusa mia siku ya pili ya Ramadhani na mtaa mzima unakusifu kwa ukarimu. Pokea sifa. Usieleze.

Na baba? Baba ana utaratibu wake. Huyu hutoka kazini saa tisa na nusu, tumbo halina kitu tangu alfajiri, akapita sokoni katika hali hiyo hiyo ambayo sheria ya nchi ingepaswa kumzuia mtu kushika pochi. Anarudi na pweza, na mkate wa kumimina wa kununua ingawa ulimwambia unapika, na boga, na kitu ndani ya mfuko mweusi ambacho mwenyewe hakumbuki kwa nini alikinunua. Anaviweka mezani. Anauliza, "Leo kuna uji?" Kisha anajinyoosha kwenye kochi, na mtoto akimpandia kifuani anasema kwa sauti ya mtu mnyonge kwamba kulala kwa aliyefunga ni ibada. Kauli hiyo wanazuoni wa hadithi wameipima na kusema ni dhaifu, lakini nenda nyumba yoyote utaikuta imehifadhiwa kwa moyo. Iliyo sahihi, ile ya Bukhari ambamo Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, hiyo sijapata kuisikia ikisomwa kutoka kwenye kochi. Katika maandalizi yako yote ya mwezi huu, kabla ya manda, kabla ya tende, mkabidhi baba kisu na muhogo. Imetangaa kwamba mbuzi ya kukunia nazi ni ya wanawake. Mbuzi yenyewe haina taarifa hiyo.

Sasa usiku. Wiki nzima kabla ya mwezi kuandama, mtoto wa miaka sita atakuapisha: "Mama, niamshe daku. Usiponiamsha sisemi na wewe." Mwamshe. Vijana wa ngoma ya daku watakusaidia. Hupita mtaani usiku wa manane na madebe na ngoma zao, na kwanza kabisa humwamsha mtoto mchanga uliyemlaza dakika chache zilizopita, yule ambaye hali daku wala hakuomba kuamshwa. Mkubwa yeye hasikii. Utamtikisa, utamkalisha, atafungua jicho moja, atakula kijiko kimoja cha wali na samaki aliyebaki wa futari, atalala na kijiko mdomoni. Asubuhi atalia mpaka majirani waulize kulikoni: hukumwamsha, humpendi, umemwamsha kaka tu. Hapa simu ina faida kuliko maneno. Mpige video akitafuna. Ataitazama, atanyamaza kidogo, kisha atasema huyo siye yeye.

Ameamka, basi amefunga. Yaani ametangaza. Tuelewane hapa, maana kuna wazazi ambao huona sifa mtoto wao wa miaka mitano afunge siku nzima ili waweze kuitaja arusini. Saumu haimlazimu mtoto mpaka abaleghe. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii husema aanze kuzoeshwa akifika miaka saba, kama na sala, na kwa sharti la kuiweza. Huku kwetu mtoto huanzia nusu siku, mpaka adhuhuri, na jua letu la karibu na ikweta limemhurumia: mwaka mzima, masika au kiangazi, magharibi ni saa kumi na mbili na dakika zake, tofauti na binamu zake wa London, ambao Ramadhani ikiangukia Juni hufuturu saa tatu na ushei usiku. Wala kuzoesha watoto si jambo la leo. Katika Bukhari imo habari ya wanawake wa Madina waliowafungisha watoto wao siku ya Ashura, na mtoto akililia chakula humpa mwanasesere wa sufu wa kuchezea mpaka jua lichwe. Kwa hiyo ukimpa mwanao simu saa kumi jioni aangalie katuni, una pa kusimamia. Usiseme tu mbele ya mavyaa wako.

Jiandae kwa maswali, na jiandae kwa dhati, kwa sababu mengi yake yamo katika vitabu vya fiqhi na wewe ulikuwa hukusikiliza chuoni.

"Mama, kumeza mate kunafunguza?"

"Hakufunguzi."

"Na mate ya mtu mwengine?"

"Mate ya nani?"

Usiendelee kuuliza. Kuna majibu ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasikia. Swali la pili litakuwa la paka, kama naye kafunga, na kama hakufunga mbona hapigwi. La tatu ndilo la msingi: aliyekula kwa kusahau. Hukumu yake ni kwamba saumu yake ni sahihi na aimalize, maana ni Mwenyezi Mungu aliyemlisha na kumnywesha. Fikiria mara mbili kabla hujamfundisha mtoto hadithi hii. Mtoto aliyeijua atasahau saa mbili asubuhi, atasahau saa nne, na adhuhuri atasahau sahani nzima ya maandazi, kisha akakufuata na makombo mashavuni kukuuliza: kama mtu kasahau, halafu katikati kakumbuka na bado imo mdomoni, ateme au ameze? Jibu ni ateme. Ataitema. Kwenye zulia.

Nje, mtaani, wana mahakama yao. Wanakusanyana chini ya mwembe na kila mmoja anaamriwa atoe ulimi. Mweupe mkavu, kafunga. Mwekundu, ni kobe. Kesi husikilizwa hapo hapo, hakuna rufaa, na mtuhumiwa hufuatwa mpaka mlangoni kwao akiitwa jina hilo kwa kibwagizo. Mwanao akirudi analia kwamba wamemwita kobe, mbembeleze, lakini kwanza mtazame ulimi.

Hili la kobe lina upande wake mgumu, na wanaume wanaweza kuruka aya hii. Zipo siku mama hafungi, kwa udhuru wa kisharia unaojulikana. Zipo siku ananyonyesha na kuhofia maziwa yatakauka, naye ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Sheria imekwisha kumhurumia. Mtoto wa miaka mitano hana huruma hiyo. Akikukuta umesimama nyuma ya mlango wa jiko na kipande cha mkate, atatoka mbio mpaka barazani, ambako babu yake kakaa na wazee wenzake wanasubiri alasiri, na atatangaza. Kwa hiyo, pamoja na tambi na sukari, tayarisha stoo yenye komeo la ndani. Tia humo kigoda, chupa ya maji na biskuti zisizo na karatasi ya kuchakacha. Mwenye nyumba ya chumba na ukumbi hana stoo. Huyo atakula haraka, mgongo kaupa mlango, kama mama zetu walivyokula.

Kuanzia saa tisa jikoni pana moto, na hapa mtoto asiyefunga hupata cheo. Wewe huwezi kuonja kwa uhuru. Mafakihi wameruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema ikiwa pana haja, lakini nani anataka kutemea pembeni mbele ya mchuzi wa nazi? Basi unamwita yeye.

"Onja, mwanangu. Chumvi imekolea?"

"Sijui. Nipe tena."

"Haya. Ipo?"

Anafumba macho, anafikiri. "Huku ipo," anasema akigusa shavu la kulia. "Huku bado."

Atakapomaliza kupima mdomo mzima, bakuli la mbaazi litakuwa limepungua kina cha vidole viwili, na chumvi utakuwa bado huijui. Wote mtafuturu gizani juu ya jambo hilo, na baba atasema, kwa upole wa mtu aliyelala vizuri, "Leo imepita kidogo."

Kabla ya magharibi kuna kupelekeana futari. Hii ni sunna ya mtaa na mtu asiiache: sahani ya kwenda kwa jirani hufunikwa kawa, akapewa mtoto, na sahani ya watu hairudi tupu. Kaimati kumi na mbili zikitoka kwako, kwa Bi mkubwa wa nyumba ya tatu zitafika saba, zimepangwa upya kwa ustadi ili pengo lisionekane, na mchukuzi kakaukiwa na shira kidevuni. Bi mkubwa ni mtu mzima, haoni kitu. Anashukuru, anaweka kachori kwenye sahani ile ile, na kachori nazo zinaanza safari yao. Ukiwatuma wawili ili wachungane, watakubaliana. Dawa yake ni kutoa mbili za mkononi kabla hawajatoka, kisha kupeleka sahani; zitafika tisa.

Mtoto mmoja mpe kazi ya kusikiliza azana. Itamweka mlangoni na mbali na mafuta ya moto. Ila mfunze kutofautisha, maana ataanza kupiga kelele "Azanaaa!" kwa azana ya alasiri, kwa mlio wa simu ya mgeni, na kwa televisheni iliyowekwa matangazo ya Makka. Televisheni ni ya kuogopwa hasa na ndugu zetu wa bara. Azana ya Dar es Salaam ikirushwa hewani, jua la Mwanza lina kama dakika 25 bado, na la Kigoma linakaribia dakika 40. Kuna nyumba huko ambazo mtoto mwenye masikio mazuri anaweza kuwafunguza watu wazima saba kwa mkupuo.

Mmefuturu. Tende, uji, maji ya ukwaju yaliyomwagika juu ya mkeka kabla hata ya bismillahi. Sasa tarawehe. Huku misikiti mingine husali rakaa nane na mingine ishirini, na kila upande una hoja zake za tangu zamani. Baba wengi wa nyumba zenye watoto wadogo wamepata njia ya kati: husali kwenye ule wa nane na kurudi nyumbani muda wa ule wa ishirini, wakinukia kahawa. Ni haki basi baba aende na watoto wawili. Nyuma kabisa ya msikiti watajipanga safu yao, watarukuu kwa kusukumana, na katika sijda mmoja atacheka na kicheko kitapita safu nzima. Imamu akitoa salamu, mzee wa safu ya kwanza atageuka na kuuliza hawa ni wa nani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisalisha watu hali kambeba mjukuu wake Umama binti Zainab, akimweka chini akisujudu na kumbeba tena akisimama. Imo katika Bukhari na Muslim, na mzee anaijua. Anaona tu kwamba Umama alilelewa vizuri. Baba ainamishe kichwa, na kesho awalete tena.

Katikati ya mwezi hakuna la kusema. Watu wamechoka, futari imepungua kutoka vyungu saba hadi vitatu, na hakuna aliyekufa kwa kukosa pweza. Ungeanza na vitatu tangu mwanzo, lakini hakuna mwongozo uliowahi kumshawishi mtu juu ya hilo.

Kisha linaingia kumi la mwisho, ambalo ndani yake mna usiku uliokuwa bora kuliko miezi elfu. Utautafuta katika mikesha ya witiri, na wewe mwenyewe utajikuta umo Darajani, saa nne usiku, unatafuta viatu vya namba 28. Jamii yako yote iko hapo. Wazee waliotangulia walinunua nguo za Idi katika Shaabani, na ningekushauri ufanye hivyo kama nisingejua kwamba mtoto wa miaka mitano huongezeka urefu hasa kati ya nguo kununuliwa na kuvaliwa. Tena ukizileta nyumbani mapema atataka kuzijaribu, akizijaribu hazivui, na gauni la Idi litakuwa limefuturu mara nne na lina mchuzi kifuani kabla mwezi haujaandama. Kama unanunua mapema, zifiche kwa mavyaa. Kwake hathubutu mtu kupekua.

Lililobaki ni hesabu ya mwisho, nayo haina mzaha. Zakaatul-fitri hutolewa kwa kila mtu wa nyumba, pishi moja ya chakula kinacholiwa mjini, ambayo wengi wetu huikadiria kilo mbili na nusu za mchele, na anayeitoa ni yule anayewalisha. Wamo wote: aliyefunga siku zote, aliyefunga mpaka adhuhuri, aliyesahau kila siku saa nne, na hata mchanga aliyezaliwa kabla jua la siku ya mwisho ya Ramadhani halijachwa. Wahesabu vizuri, maana usiku huo watakuwa wanakimbia. Mchele umfikie maskini kabla ya sala ya Idi. Ukichelewa mpaka watu wakatoka msikitini, hiyo ni sadaka ya kawaida.